Huseni na Sidii Zenye Stika

Huseni wa Rasbura hakuwa mtu wa kutulia. Hata akiwa amekaa kwenye kibanda chake cha muziki, mikono yake ilitafuta sidii ya kugeuza, na kugeuza huko ndiko kulikompa jina mjini Lindi. Mpe sidii yoyote, ataiangalia mgongoni. Ikiwa na rangi ya bluu au zambarau, imechomwa kwenye kompyuta ya mtu; ya kiwandani hung'aa kama sufuria mpya. Halafu atasugua karatasi ya kasha kwa kidole chenye mate, na wino ukitoka, feki hiyo. Mwisho atatafuta stika ya kodi, ambayo mwaka ule ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kubandikwa.

"Mimi siuzi wizi," aliwaambia wateja, hata wasiomuuliza. Kuwatilia watu nyimbo kwenye simu kutoka kompyuta yake, hilo hakuliita wizi. Binadamu bwana!

Msimu wa korosho ulikuwa umekwisha na unyago umekaribia. Binti yake, Sharifa, alikuwa achezwe, yaani afundwe utu uzima kwa nyimbo, kijijini Kilangala, na kungwi wake alikuwa bibi yake mzaa mama, Bi Likwata. Nyimbo za unyago mwanamume hazisikii, wala mwari hazisikii kabla ya siku yake. Huseni alilijua hilo tangu utoto. Na kwa kuwa Bi Likwata ni mkwewe, hata sauti yake ya kawaida hakuijua vizuri. Wakisalimiana, yeye alitazama chini, na mama mkwe alijibu chini chini nyuma ya kanga.

Basi akaja Brighton, mchuuzi wa muziki kutoka Dar, ambaye mara kwa mara alibadilishana naye nyimbo kwenye kompyuta ya kibandani. Safari hii alileta boksi zima.

"Ngoma za kusini, kaka. Mzigo safi."

Huseni akachomoa moja, akaigeuza: inang'aa. Akasugua: wino haukutoka. Stika ilikuwepo, ya kweli kabisa. Moyo ukamtulia, jambo lisilotokea mara nyingi, akaitia kwenye redio na kufungulia spika mpaka mabati ya kibanda yakatetemeka.

Sauti ya mwanamke mtu mzima ikatawala mtaa, siku baada ya siku. Vijana walinunua. Wanawake wakaanza kuvuka barabara kila walipokikaribia kibanda, ushungi umeshushwa usoni. Hakuna aliyemwambia kitu, kwani kumwambia mwanamume kwamba ule ni wimbo wa unyago ni kuutoa nje mara ya pili. Huseni akadhani wanakimbia kelele. Sharifa naye alimletea chakula kila mchana, akasubiri vyombo.

Mkewe, Imani, alikuwa Kiswere akimuuguza shangazi yake. Siku aliyorudi alipita kibandani, na kabla ya salamu akachomoa waya.

"Unamjua anayeimba humo?"

"Kikundi tu cha huku kusini. Lakini original, mke wangu, tazama stika..."

"Ni mama!" Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mimi ndiye niliyemrekodi kwa simu, nijifunze, nije kumrithi kazi yake. Si ukaichukua simu ukasema memori imejaa?"

Huseni akakumbuka. Kweli, alihamishia kila kitu kwenye kompyuta ya kibandani bila hata kusikiliza. Na kwenye kompyuta hiyo hiyo Brighton alikaa akijichotea nyimbo, na hizo zikiwemo, akaenda kuzitoa kiwandani na kuzilipia kodi kama mali yake. Ile sidii ilikuwa halali kila mahali palipopimika kwa kidole. Mwenye sauti tu ndiye hakuulizwa.

Tangu hapo hakulala wala hakula. Alizunguka mji mzima akizidai sidii alizouza, wengine wakimcheka, akazivunja zote. Sharifa akatangulizwa Kilangala kujiandaa, na Huseni akafuata kwa bodaboda, kanga mpya ya kuombea radhi imebanwa kwapani.

Bi Likwata alimpokea akiwa ndani, mlango umerudishwa nusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaeleza yote, macho kwenye vumbi, ulimi ukimgomea. Alizokuwa nazo amezivunja, alisema. Zilizobaki ziko Dar kwa Brighton, na huko hana nguvu.

"Za Dar hazinisumbui," sauti ikasema, ile ile ya kwenye spika, ila ndogo na imechoka. "Wa Dar hawajui wanachokisikia. Jana Sharifa alikuwa ananitwangia mahindi, akawa anaimba."

Huseni akaiweka ile kanga kizingitini.

"Kaziimba zote, Baba Sharifa, tangu ya kwanza. Hata pale ninapovuta pumzi, na yeye anavuta. Nilimwacha amalize."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini mwezi ujao nimtie ndani nimwambie nini? Mwanao umeshamcheza mwenyewe, wewe baba yake, barabarani."