Ardis Kvamme Anaomba Tupande Daraja

Desemba ya kwetu Dakota Kaskazini haina adabu. Upepo wake unapenya hadi kwenye meno. Na kila Desemba jirani yangu Ardis Kvamme yuko pale pale, kwenye maegesho ya uwanja wa Chuo cha Harlow, anakoroga supu ya knefla, yaani viazi na vidonge vya unga ndani ya maziwa. Anampa kila anayepita, wetu na wageni.

Aliyeanza ni marehemu mumewe, Merle, kwa mzaha tu na rafiki zake. Alipofariki, watu wakamwambia mjane, "Usituache, mama." Hakuwaacha. Siku moja aliomba apumzike. Wakamtengenezea bango kubwa lenye picha yake. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Akarudi kwenye sufuria.

Taabu ni kwamba timu yetu ya chuo, ya futiboli ya Kimarekani, inashinda. Katika daraja letu dogo, wanaofanya vizuri huingia mtoano, na timu bora huuchezea nyumbani, wiki baada ya wiki, hadi Krismasi inapobisha hodi. Verna, dada yake Ardis, yuko Arizona na mapafu yake ni mabovu. Kila mwaka huuliza kwenye simu, "Utakuja lini?" Ardis hujibu, "Tukitolewa tu, nakuja." Hatutolewi. Safari hii Verna hakuuliza. Alisema tu kwamba daktari amemshauri asipange jambo lolote la baada ya Krismasi.

Wiki hiyo hiyo chuo kikatuita bwaloni: timu ipande daraja au ibaki?

"Tupande!" akafoka Royce, muuza matrekta. "Hawa tunawachapa mpaka naona aibu."

"Tupande tukachapwe sisi?" akadakia Clifton, mkulima. "We Royce uza matrekta yako, mpira huujui."

"Na wewe umeujulia wapi, kwenye shamba la viazi?"

Ardis akanyoosha mkono. Bwalo likatulia.

"Mimi naomba tupande," alisema. "Huko juu tutafungwa, msimu utaisha Novemba. Na miaka miwili ya mwanzo hata tukishinda, mtoano haturuhusiwi. Jamani, nimechoka. Nataka kwenda kumwona dada yangu."

Bwalo zima likaangua kicheko. Watu wa huku tunataniana kwa uso mkavu, na uso wa Ardis ulikuwa mkavu kweli. Royce alifuta machozi. "Huyu mama atatuua!"

"Na huko juu maegesho watawauzia matajiri," Clifton akasema. "Supu tutaipata wapi? Tubaki, kwa heshima ya Ardis!"

Mikono ikainuka kama ngano. Tukabaki. Nilitamani kuwarushia viti.

Nje nikamwambia, "Ardis, panda ndege kesho. Waache na njaa yao."

"Watasema nimemwacha Merle."

"Merle amekufa, mama."

"Ndiyo. Angekuwepo angeniruhusu."

Mechi ya kwanza ya mtoano ilichezwa theluji ikianguka. Nilikwenda kumsaidia kugawa bakuli, redio ikiwa juu ya meza. Wageni walikuwa mbele kwa pointi mbili na muda ulikuwa unayoyoma. Ardis alishika upawa, midomo inamchezacheza.

"Unaomba?" nikamuuliza.

"Naomba tufungwe," akanong'ona. "Mungu anisamehe."

Mpigaji wetu akaupiga mpira kutoka mbali sana. Hatukuhitaji redio kujua umepita kati ya nguzo. Uwanja mzima ulinguruma. Tulikuwa tumeshinda kwa pointi moja.

Ardis akaweka upawa chini, akajifunika uso kwa aproni, akalia kwa kwikwi. Royce akatoka getini mbio, akamkumbatia hadi akamwinua.

"Hata mimi nalia, mama!" alipiga kelele. "Jumamosi tena, hapa hapa!"