Mgomba Uliozikwa

Siku ya kwanza nilipofika kwa mume wangu, kijijini Bugomora, Tanzania, nilizunguka nyumba kwa kushoto, nikapita kati ya migomba, nikatokea jikoni bila kuonyeshwa njia. Nyumba za kwetu ng'ambo ya mto, Uganda, hujengwa vilevile, na mwenye njaa haulizi jiko liko wapi. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa chini akimenya ndizi. Aliponiona, kisu kilimponyoka. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, kisha akasema kwa Kinyambo, polepole, "Umechelewa."

Nilidhani anasema habari ya chakula. Nikapiga magoti, nikamsalimu, nikaomba radhi, nikachukua kisu na mimi nikaanza kumenya.

Jioni, tukiwa tumekwisha kula, ndipo mume wangu akanieleza. Alikuwa na dada aliyevuka mto kutafuta kazi akiwa bado msichana. Miaka mingi baadaye ikaja habari kwamba amefariki, lakini mwili haukuja. Kwa desturi ya huku, asiyepatikana mwili hukatiwa mgomba. Mgomba huo huviringishwa shuka na kuzikwa ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, ili marehemu apate pa kulala na walio hai waache kumngoja. Unatakiwa ukatwe juu ya ardhi, mizizi ibaki ilipokuwa. Vijana waliopewa kazi hiyo walikuwa na haraka, labda na pombe ya rubisi kidogo kichwani, wakaung'oa pamoja na tunguu lake na kuulaza kwenye shimo fupi. Mvua ziliponyesha, kaburi likachipua.

Hakuna aliyethubutu kulikata lile chipukizi. Wazee waliulizana, wakakuta hakuna anayejua dawa yake, maana hakuna aliyewahi kusikia kosa la namna hiyo. Mgomba ukakua, ukazaa. Mama mkwe naye akashika lake: aliyekufa hachipui. Binti yake yu hai na yuko njiani anakuja.

"Na ndizi tulizokula leo?" nilimuuliza mume wangu.

Akatazama pembeni. Zilikuwa za mkungu wa pale kaburini, uliokatwa asubuhi ile ile. Nilimwambia kwamba angefanya vizuri kunieleza kabla sijaomba kuongezewa.

Mimi si mwoga, na mdomo ninao. Nilijiambia kuwa mama mzee ana majonzi yake na yataisha. Lakini nyumba ile ilianza kunizoea kwa namna ambayo sikuipenda. Mama mkwe alinipa magauni yaliyotunzwa sandukuni, yakanitosha bila kupunguzwa. Akaniuliza kama kile kidonda cha jembe mguuni kilipona vizuri. Ni kweli nina kovu kwenye muundi, lakini ni la baiskeli, na ni nani katika vilima hivi asiye na kovu kwenye muundi? Bado, usiku ule nililitazama kovu langu na nikashindwa kukumbuka vizuri ile baiskeli ilikuwa na rangi gani.

Asubuhi za ukungu ndizo zilikuwa mbaya zaidi. Ukungu ukishuka kibanjani huwezi kuona hata mgomba wa tatu. Mama mkwe alikuwa akisimama huko ndani na kuita jina la binti yake, bila kupaza sauti, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Mwanzoni nilikaa kimya. Siku moja, nilipokwisha kujifungua, mtoto wangu mgongoni na ndoo mkononi, niliitikia "Bee, mama" kabla sijafikiri. Nilisimama pale nikisikia miguu yake ikija kwenye majani makavu, na kwa mara ya kwanza nilimwogopa kweli.

Wakati huo ndio nilikuwa nahangaika na kibali cha ukaazi. Mke wa Mtanzania haingii tu akakaa kwa sababu kanisa limefunga ndoa. Nilikuwa nimekwisha peleka pasipoti, cheti cha ndoa, picha na barua ya mtendaji wa kijiji, na dada wa steshenari alikuwa ameniingizia maombi kwenye mfumo, mtandao ukikatika tunaanza upya. Kilichobaki kilikuwa ofisa wa uhamiaji kuja nyumbani kuhakikisha kwamba naishi pale na nafahamika.

Alikuja mvua ilipokatika, buti zimejaa matope. Alikuwa Mhaya wa Muleba, mtu mpole. Alivua kofia, akamsalimu mama mkwe shikamoo, akakaa kwenye kiti alichopewa, akauliza, "Mama, huyu ni nani wako?"

"Ni mwanangu."

"Mkwe wako?"

"Mwanangu wa kumzaa. Alikwenda ng'ambo, amerudi."

Ofisa aliacha kuandika. Kinyambo alikisikia vizuri, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya mimi kutafsiri na kulainisha maneno. Akamwita balozi wa nyumba kumi, jirani yetu, aliyekuwa amesimama uani kama shahidi. Balozi alitakiwa aseme tu kwamba mimi ni mke wa fulani. Badala yake aliitazama miguu yangu na kusema kwa sauti ya chini, "Sisemi kitu, afande. Ila anatembea kama yule."

Na mimi nikaitazama miguu yangu.

Ofisa alinitoa pembeni. "Dada, hapa mpakani nimeona mengi," alisema. "Watu hutafuta kikongwe awaapie kwamba ni watoto wake wapate uraia. Wewe umeomba kama mgeni, mama anasema ni wa hapa. Na mumeo naye ni mwanawe. Nikiandika alivyosema yeye, mmeoana ndugu. Nikiandika ulivyosema wewe, huyu mama kafundishwa uongo. Nitarudi wiki ijayo. Nikikuta bado ni vurugu, maombi yatakataliwa na utarudi kwenu."

Mtoto wangu alikuwa bado ananyonya. Nilimtazama mume wangu, nikaona naye anawaza hilo hilo.

Alishauri tuseme mama amechanganyikiwa kwa uzee. Nilikataa kwa hasira. Mama hakuwa na wazimu. Alijua kuku gani anataga kwa jirani, alijua nani kachuma kahawa mbichi kabla ya wakati. Nisingekubali amwite mama yake kichaa mbele ya serikali ili mimi nipate karatasi.

Nikamfuata jikoni mwenyewe. Nilikaa chini karibu naye, nikamenya ndizi mbili tatu, kisha nikamwambia wazi. "Mama, ukisema mimi ni mwanao, watanirudisha ng'ambo."

Mikono yake ikasimama.

"Ng'ambo?"

"Ndiyo, mama. Nitavuka mto, na sijui kama nitarudi."

Aliendelea kumenya, akamenya hata zile ambazo hatukuzihitaji, mpaka sufuria ikajaa. Siku zilizofuata hakuniita kibanjani. Ukungu ulishuka kama kawaida, nami nikawa nasimama mlangoni nikisikiliza. Nilijishangaa kwamba kimya kile kilinitisha kuliko kuitwa.

Ofisa aliporudi alikataa chai. Akauliza swali lake lile lile. Mama mkwe akainuka, akachukua fimbo yake, akasema, "Twende."

Tulimfuata sote kati ya migomba, ofisa, balozi, mume wangu, na mimi na mtoto. Alisimama penye kaburi. Ule mgomba ulikuwa mnene sasa, umezungukwa na watoto wake, na majani yake makavu yalikuwa yakisuguana ingawa sikuhisi upepo wowote. Mama akaweka kiganja kwenye shina.

"Mwanangu ni huyu," alisema. "Amekufa ng'ambo. Hakuletwa. Nilizika mgomba kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kuzika."

Mume wangu alikuwa akilia waziwazi. Hakuwahi kumsikia mama yake akitamka kwamba dada yake amekufa.

"Na huyu?" ofisa aliuliza, kwa upole mkubwa.

Mama alinigeukia. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyebisha hodi na bado hajajitambulisha. "Huyu simjui kwao. Ni mgeni. Ni mke wa mwanangu, anakaa hapa."

Nilikuwa nimeomba aseme hivyo. Nilikuwa nimeyahitaji maneno hayo kuliko kitu chochote duniani. Yaliponifikia niliinamisha kichwa nisionekane.

Kibali kilitoka baada ya hapo bila matatizo. Nilipokipata nilikipeleka jikoni, nikamwonyesha. Hakukitazama. Alinisogezea kigoda, kile cha wageni, nikakaa.

"Mukamwana," alisema. Ni neno la kumwitia mke wa mtoto, na hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja. "Kwenu una mama?"

"Ninaye."

"Anajua uko wapi?"

"Anajua niko Tanzania, mama."

"Tanzania ni kubwa. Mpigie."

Nikapiga. Mama yangu alipopokea, mama mkwe alininyang'anya simu, akaishika kwa mikono miwili mbele ya uso. Kinyankole chetu na Kinyambo chao havipishani sana. Walielewana tangu salamu.

"Mama mwenzangu," alisema kwa sauti kubwa, "binti yako yuko kwangu."

Nikamsikia mama yangu akivuta pumzi.

"Amekula," mama mkwe aliendelea. "Amekaa hapa. Namwona."