Mwanangu alimwita baba yake "fundi wa samaki": Yaliyotukuta na tenki la matumbawe Bariadi

Habari za muda huu wakuu.

Kuna mdogo wetu mmoja aliuliza humu kama mtu mwenye kazi na watoto wadogo anaweza kufuga samaki wa baharini ndani ya nyumba, wale wa kwenye tenki la kioo lenye matumbawe. Wengi mkamjibu kuhusu bei ya taa na pampu.

Nikaona nimsimulie ya kwetu. Mambo ya taa na pampu yalikuwa shida ndogo kuliko zote.

Sitaongeza chumvi, ya kwenye tenki ilitosha. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi nilikuwa maabara, hospitali moja pale Bariadi. Enzi hizo mkoa wa Simiyu haujazaliwa, bado tuko Shinyanga. Ni miaka ile soko la pamba limefunguliwa. Ushirika umelegea, makampuni binafsi yanaingia kila msimu na magari mapya, yanagombea wakulima kama wachumba.

Mume wangu, tumwite Masanja, ni mtoto wa Mwandoya, kwao wafugaji haswa. Baada ya shule alienda Dar akapata kazi kwenye kampuni iliyokuwa inasafirisha samaki wa mapambo kwenda nje. Kazi yake kuwafunga kwenye mifuko yenye oksijeni. Huko ndiko alikougulia huo ugonjwa wa kupenda samaki.

Kampuni moja ya pamba ilipotafuta watu wanaojua hesabu na Kisukuma, akarudi nyumbani. Ugonjwa wake akarudi nao.

Samaki walikuja na treni wakuu. Maboksi yale meupe mepesi, ndani mifuko, ndani ya mifuko samaki na vipande vya matumbawe. Tulienda kuwapokea stesheni ya Malampaka. Mpagazi mmoja akauliza ndani kuna nini, Masanja akamwambia samaki wazima. Yule mtu akatua boksi chini kwa heshima zote, akamuuliza, "Yaani mzee unatoa samaki Dar unawaleta kanda ya ziwa?"

Hilo swali nimelisikia kwa namna mia. Lingine lilikuwa, "Wanaliwa?"

Hawaliwi. Ni wa kutazama.

Tenki lilikaa sebuleni, ukutani karibu na mlango wa chumbani. Ndani kulikuwa na matumbawe laini yanayopepea, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mmoja mdogo wa bluu, kaa anayebeba nyumba yake mgongoni, na kiumbe kimoja chenye vidole vingi laini ambamo wale wa chungwa walikuwa wanalala. Siwezi kusema uongo, lilikuwa zuri. Umetoka kazini umeshinda unatazama vimelea kwenye darubini, unakaa pale dakika chache, kichwa kinatulia.

Maji tulitengeneza wenyewe. Ya mvua kutoka bati, halafu chumvi maalum ya unga ambayo jamaa zake wa Dar walikuwa wanamtumia. Kipimo cha chumvi kinafanana kabisa na kile tulichokuwa tunapimia mkojo maabara, kwa hiyo kazi hiyo nilipewa mimi bila usaili.

Sasa shida.

Msimu wa pamba ukifunguliwa, Masanja anahamia Kasoli kwenye kituo cha kununulia. Analala huko. Nyumbani anakuja wiki kwa wiki, wakati mwingine zaidi. Nabaki mimi, zamu zangu, mtoto wetu wa kwanza Mhoja, na tenki. Asubuhi naongeza maji yaliyopungua kwa joto, nalisha samaki, namlisha mtoto, nampeleka kwa jirani, naenda kazini. Umeme ukikatika naunganisha pampu ndogo ya hewa kwenye betri ya gari.

Niliweza. Wanawake tunaweza mambo mengi ambayo hakuna aliyetuuliza kama tunayataka.

Jumamosi moja Masanja akarudi kutoka Kasoli, nyuzi za pamba zimejaa kwenye nywele. Kama kawaida yake akasalimia, akaweka begi, akakunja mikono ya shati, akaingiza mkono kwenye tenki kunyoosha matumbawe yaliyoinama.

Mara jirani yangu akaja kuazima chekecheo. Mlangoni akamkuta Mhoja, ndiyo kwanza anaanza kuongea vizuri. Akamuuliza nani amekuja kwenu.

Mhoja akajibu, "Fundi wa samaki."

Jirani alicheka. Mimi pia nilicheka, sikujizuia. Masanja hakucheka. Alitoa mkono kwenye maji, akaufuta taratibu sana, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta kitu cha kufanya.

Jioni, mtoto ameshalala, akaniambia tenki aligawe. Kuna padri mmoja alikuwa ameshawahi kulitamani.

Nikamwambia tenki halijamkosea mtu. Ila nimemwona muda mrefu. Akiingia humu ndani hilo tenki ndicho kitu pekee anachojua aanzie wapi.

Akasema, "Kwa mtoto sijui pa kuanzia. Kila nikirudi nakuta ni mwingine."

Hapo nilimwonea huruma wakuu. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, yakaniishia mdomoni.

Tulichofanya ni kitu kidogo tu. Nikanunua kigoda, nikakiweka mbele ya tenki. Sheria ikawa Masanja haingizi mkono majini mpaka Mhoja akae juu ya kigoda ampe habari zote za wiki. Mwanzoni mtoto alikuwa anamwangalia tu. Baadaye ikawa shida kumnyamazisha. Kuku wa jirani ametaga wapi, nani kaanguka kwenye matope, mama kaunguza wali siku gani. Kila siri yangu ilifika Kasoli.

Jina "fundi" lilikufa lenyewe.

Msimu uliofuata Masanja akaomba kuhamishiwa kiwanda cha kuchambua pamba, pale pale mjini, awe anarudi jioni. Bosi wake alimshangaa, maana vituoni ndiko kulikokuwa na marupurupu. Akakubaliwa, ila kwa masharti ya kwenda Kasoli mara moja moja kuangalia mizani na stoo.

Aliyekasirika ni baba mkwe. Alipanda gari kutoka Mwandoya kuja kutusema. Mzee mrefu, anaongea taratibu, hagombi lakini kila neno linakaa. Kwake mwanaume anayeacha kazi yenye hela ya kununulia ng'ombe ili awahi nyumbani jioni ana kasoro, na kasoro yenyewe aliiona imewekewa taa ukutani.

Akamwambia Masanja, "Ng'ombe akila, wewe unakunywa maziwa. Hawa wakila, unapata nini?"

Masanja alitabasamu tu. Kwao mtu habishani na baba yake. Tangu siku hiyo mzee aliwaita samaki wetu "wadudu wa Masanja".

Halafu nikajifungua wa pili, Limi. Likizo ya uzazi ilipoisha, mama mkwe akaja kukaa na wajukuu.

Huyu mama nimuelezee kidogo. Hana maneno mengi. Kisukuma ndiyo lugha yake, Kiswahili anakiongea akilazimika. Watoto aliwapenda kiasi kwamba Limi alikuwa halali bila mgongo wake. Lakini tenki alikuwa analiogopa. Akitoka chumbani alipita akiambaa ukuta wa pili, mbali na tenki, mikono ameikunja kifuani, asije akagusa.

Na sisi kwa utani wetu tulimzidishia. Akija mgeni, lazima mtu aseme, "Hapo usiguse, Masanja atakufukuza." Wageni wanacheka. Kumbe kuna mtu mmoja ndani ya nyumba alikuwa hacheki.

Mwanzo wa mvua nikaitwa semina Shinyanga mjini, siku kadhaa. Siku hizo hizo Masanja akatakiwa Kasoli kwenye stoo, angelala huko usiku mmoja. Mama akabaki na watoto.

Asubuhi aliyoondoka Masanja ikaja mvua ya radi. Mnaoishi Usukumani mnaijua radi yetu, haina mzaha. Kijijini kwao mama radi ilishawahi kuua ng'ombe waliojikinga chini ya mti mmoja. Na kuna mtu alishamwambia radi hufuata waya wa umeme.

Akafanya ambacho bibi yeyote angefanya. Akachomoa kila kitu kilichochomekwa ukutani, akawakusanya wajukuu kitandani, akawafunika na blanketi mpaka ikapita.

Mvua ilipoisha alichomeka redio, kwa sababu redio anaijua. Zile nyaya nyingine nyuma ya tenki hakuzigusa. Si tulimwambia asiguse?

Masanja alirudi kesho yake mchana. Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na harufu imeshaanza. Wale wa chungwa wote wawili walikuwa juu ya maji. Kile kiumbe cha vidole kimeyeyuka, na kikiyeyuka kinachafua maji yote, ndicho kilichowamaliza hao wawili na matumbawe mengi.

Mama alisimama mlango wa chumbani na Limi mgongoni. Akamuuliza mwanae kwa Kisukuma kama ni yeye, mama, aliyewaua. Masanja akasema hapana mama, ni umeme tu. Kisha akainama kuchomeka nyaya, na mama akamwona anazichomeka.

Masanja hakugomba kabisa. Alichota waliokufa, akabadilisha maji kiasi alichokuwa nacho, akakaa kwenye kigoda cha Mhoja mpaka giza, ametazama kioo. Alidhani anamsitiri mama yake. Mama alikuwa anausoma mgongo wake.

Niliporudi kutoka semina nikakuta mama amefunga mzigo. Akaniambia amekumbuka ng'ombe. Nikambembeleza, hakukubali. Kesho yake asubuhi akapanda gari la Mwandoya.

Limi alilia mpaka sauti ikakauka. Mhoja aliuliza bibi atarudi lini, hakuuliza samaki hata mara moja. Nikaanza kubadilishana zamu na wenzangu, Masanja akawa anaomba ruhusa kiwandani, na jioni tunakutana sebuleni tumechoka hatusemezani. Tenki lipo nusu maji. Tulituma salamu kwa watu wa magari, jibu likaja mama hajambo. Basi.

Siku moja ya Jumapili tumetoka kanisani, lori likasimama nje. Akashuka baba mkwe. Akashuka na mama nyuma yake. Kisha vijana wa lori wakashusha mtamba mmoja, mwekundu, mnene, anakaribia kupandwa.

Nikapiga magoti kuwasalimia, "Mwadila baba." Akaitikia. Nikamletea kiti, akakataa kukaa. Mama alibaki nje kabisa ya kizingiti, macho chini.

Mzee akamwita Masanja akamnyooshea kamba ya yule mtamba. Akasema, "Mama yako amesababisha mifugo yako kufa. Kwetu mifugo haimalizwi kwa pole."

Masanja alishtuka. Akasema, "Baba, wale walikuwa samaki tu."

Mzee akamtazama. "Walipokuwa hai, mbona hukusema hivyo?"

Wakuu, Masanja aligeuka akamtazama mama yake pale nje.

Nilimwona mume wangu anaelewa. Kukataa yule ng'ombe ni kumwambia mama yake kwamba kosa halilipiki. Kukubali ni kumaliza. Akaishika ile kamba kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Kisha akanipa mimi, akaenda mpaka kwa mama yake pale nje, akachuchumaa mbele yake.

"Imekwisha mama. Ingia ndani, mtoto analia."

Mama akavuka kizingiti. Alinyoosha mikono kwangu, nikamwinua Limi nikampa, akamfunga mgongoni.

Ndipo mzee akakaa. Alipomaliza uji akaenda mwenyewe mpaka kwenye tenki, akainama, mikono nyuma. Akauliza wamebaki wangapi, sauti ile ile ya mfugaji anayekuja kutoa pole. Masanja akamwonyesha: yule mdogo wa bluu, kaa, na matumbawe kidogo upande wa kushoto. Mzee akatikisa kichwa, akasema mbegu ikibaki, zizi halijafa.

Sisemi alianza kuwapenda. Aliendelea kuwaita wadudu mpaka mwisho wake. Ila hakuuliza tena wana faida gani.

Mama alikaa nasi miaka. Kabla hata ya kulala siku ile alimtaka Masanja amwonyeshe nyaya zote, moja moja, ipi ya nini. Hasomi, kwa hiyo Masanja akafunga kitambaa chekundu kwenye ule wa pampu, na akamfundisha kuunganisha betri. Akawa anaifanya vizuri kuliko mimi. Ikija radi alikuwa anachomoa kila kitu, anaiweka pampu kwenye betri, kisha anakaa sakafuni na wajukuu karibu na tenki, anawasimulia hadithi za fisi kwa Kisukuma. Kwa mara ya kwanza nilimwona ameegemea kile kioo.

Mtamba alizaa, Limi amekua kwa maziwa yake.

Somo langu ni moja tu. Mdogo wangu uliyeuliza, muda utaupata, kazi na watoto vitapangika. Lakini kabla hujaweka kitu cha thamani sebuleni, tazama nani ndani ya nyumba yako anapita ukuta wa pili. Kamfundishe huyo kwanza.

Karibuni kwa maoni, hasa mliokaa na wakwe nyumba moja. Na mkitaka kuuliza kama waliliwa, hapana, tuliwazika nyuma ya choo.