Kanga Niliyomtandikia Zuhura

Wiki nzima sijakanyaga sokoni Ruangwa kwa aibu, kwa hiyo acheni niseme mwenyewe.

Binti yangu Zuhura ana mbio kweli, ila akiona watu anaingiwa na woga. Asubuhi ya mashindano ya shule nikamtia moyo: "Mwanangu, wewe kimbia tu. Leo utapita juu ya kanga ya mama yako kama bibi harusi!"

Mzunguko wa mwisho akawa anaongoza, wasichana wa shule ya Nkowe kawaacha mbali. Uzalendo ukanishinda. Nikafungua kanga mpya niliyojifunga juu ya gauni, nikaitandika hatua chache kabla ya utepe, na vigelegele juu.

Zuhura akaifikia, akasimama. Mtoto niliyemfokea miaka yote asikanyage kanga zangu nikizianika majanini! Akaiokota, akaikung'uta vumbi, akaanza kuikunja. Wenzake wakampita wote.

Mwalimu akashika kipaza sauti: "Nani kaweka nguo njiani?"

Nami nikageuka nyuma kumtafuta huyo mtu, tena nikasonya.

Zuhura akanijia moja kwa moja mbele ya umati, bila chembe ya woga.

"Mama, kanga yako hii. Haijachafuka."