Mshale Unaoamka kwa Fundi Tu

Nikikaa mimi kwenye pikipiki ile, mshale unapanda. Akikaa mwenye nayo, unakufa.

Nyie mtasema hii chai. Mimi niliitwa mwizi kwa ajili ya huo mshale, hapa hapa Nsemulwa, saa nne asubuhi, mke wangu anaangalia.

Mimi ni fundi pikipiki. Diploma ya umeme ninayo, nimeitundika kibandani pembeni ya kalenda ya mwaka juzi. Watu wanaangalia kalenda.

Mwenye pikipiki anaitwa Pontien, mkulima wa tumbaku wa Katumba. Jitu zima, halichekagi. Pikipiki yake ya Japani, ya zamani, ina saa mbili mbele: moja ya spidi, nyingine ya kuonyesha injini inazunguka kwa kasi gani. Hiyo ya pili ilikuwa haifanyi kazi tangu ainunue mwezi uliopita.

Nikamtania kwa sauti kubwa, maana niliambiwa hasikii vizuri. "Mzee, si usikilize tu injini inavyolia?"

Akanisogelea mpaka nikanusa tumbaku.

"Masikio yangu yalibaki machimboni, kwenye baruti. Ule mshale ndiyo masikio. Nimeshaua injini moja kwa kutosikia. Umeelewa?"

Utani ukaniishia.

Nikasafisha soketi za nyuma ya hiyo saa, sisi tunaiita geji, nikawasha. Mshale huooo, elfu tatu! Akaondoka.

Jioni akarudi kakunja sura. Mshale umekufa. Nikawasha mimi, ukapanda. Kesho yake, hivyo hivyo.

Siku ya tatu alikuja na shemeji zake wawili. Salamu hakuna.

"Wewe tapeli!" Pontien akiongea, mtaa mzima unasikia. "Umechomoa kitu orijino humo ndani, ukaweka swichi yako ya siri ili nirudi kila siku!"

"Swichi gani, mzee?"

"Eeh?"

"SWICHI GANI!"

"Unanifokea? Mwizi anafoka!"

Hilo neno kijiweni halichezewi. Watu walishaanza kusogea. Zubery wa duka la vipuri, ninayekunywa naye kahawa kila asubuhi, akarudi nyuma hatua moja. Shemeji mmoja akaokota nondo.

Nondo yangu mwenyewe!

"Panda," nikamwonyesha Pontien kwa mkono. "Iwashe wewe. Hapa hapa."

Nikamkazia macho. Akapanda. Akaweka ufunguo. Halafu, kabla ya kupiga kiki, kidole gumba kikasukuma swichi ya taa. Tap. Kazima.

Kiki. Injini inanguruma. Mshale umelala.

Nikanyoosha mkono, nikawasha taa. Mshale ukaruka.

Nikazima. Ukalala.

"UNAZIMA TAA YA NINI?"

"Betri! Mchana kweupe nani anawasha taa?"

Mimi nawasha. Chuoni walitufundisha kupima umeme wakati kila kitu kinaula. Ndiyo maana kwangu geji haikukosa moto hata mara moja.

Nikafungua taa ya mbele. Nikakuta ujinga. Mtu kaunga waya wa geji kwenye waya wa taa. Ukizima taa, na geji umeizima.

Hapo nikapata nguvu. Nikapanda juu ya stuli kabisa.

"Oneni wenyewe! Huyu fundi kasomea wapi, zizini? Mikono yake ipakwe asali, iwekwe kwa siafu!"

Watu wakacheka. Shemeji akaweka nondo chini. Nikashuka, nikavuta kile kiungo kila mtu akione vizuri.

Kimefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu. Juu yake uzi wa bluu, umezungushwa mara saba.

Nikahesabu tena. Saba.

Mke wangu Restituta anashona sare za shule kibanda cha pili. Uzi ni wake. Mara saba ni mimi, Mpanda nzima hakuna fundi mwingine anayefunga hivyo. Nikamtazama. Alishaona. Taratibu akasukuma rola la uzi wa bluu chini ya kitambaa.

Nikakwaruza rangi nyeusi ya tenki kwa ukucha. Chini, nyekundu.

Pikipiki ya mwalimu Osward! Miaka sita nyuma, waya wa asili umeungua, mwalimu ana haraka ya kwenda Mishamo. Nikamwambia, "Hii ni ya muda tu, rudi Jumatatu." Hakurudi. Mwenzetu alikuwa anawasha taa hata mchana, angejuaje? Na mimi nikasahau.

Ningeweza kunyamaza. Umati ulishakuwa wangu. Lakini Pontien alikuwa ananiangalia mdomo, anasubiri jina la huyo fundi.

"Ni mimi," nikasema.

"Eeh?"

"Ni mimi."

"Sema kwa sauti!"

"NI MIMI! HUYO FUNDI MJINGA NI MIMI!"

Mpaka stendi walisikia. Cherehani ya Restituta ikanyamaza.

Pontien hakucheka, wala hakunipa mkono. Alivuta stuli yangu, akakaa, akavikodolea macho vidole vyangu mpaka nilipohamishia waya wa geji kwenye waya unaopata moto ukiwasha ufunguo tu, taa iwake isiwake. Akapiga kiki, taa ikiwa imezimwa. Mshale ukapanda. Akautazama muda mrefu, kama mtu anayesikiliza.

Kisha akanyoosha kiganja. "Huo uzi nipe."

"Wa nini, mzee?"

"Nikiukuta kwenye pikipiki nyingine, nitajua pa kuja."

Akaondoka nao mfukoni.

Ndugu zangu, ile kazi unayoiita ya muda, mwenzio anaiendesha miaka sita. Na ukikuta kazi mbovu, usikimbilie kupanda stuli.

Angalia uzi kwanza.