Mkono Ulioijua Dirir

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha hali ya hewa cha Garissa, nilikabidhiwa kipimamvua kikavu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami msichana kutoka Taita mwenye cheti kipya na viatu visivyofaa mchangani. Kila saa tatu asubuhi nilikifungua kile chombo, nikachungulia, nikaandika sufuri. Anga tuliligawa kwa macho vipande vinane, tukahesabu vingapi vina mawingu. Mara nyingi hakikuwapo hata kimoja.

Ofisa Msimamizi, mtu mpole aliyechukia daftari lililofutwafutwa, alinipa sheria moja tu.

"Ulichoona, andika. Usichoona, acha wazi. Hakuna atakayekufukuza kwa nafasi tupu."

Kila jioni alipita Ayeyo Halima, akitoka kuuza maziwa sokoni na kurudi kwake Galbet. Ayeyo ni bibi kwa Kisomali, na kituo kizima tulimwita hivyo. Marehemu baba yake alikuwa msoma nyota wa wafugaji, na elimu ile alimwachia yeye. Lakini mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Njia aliishika kwa mazoea tu.

Mwisho wa jilaal, kile kiangazi kirefu, alisimama langoni akaniita.

"Binti yangu, wewe serikali nakuliba uangalie juu. Niangalie Dirir. Mwezi ikijaa, itabita upande gani yake?"

Dirir ni nyota nyeupe ambayo, nilivyokuja kujua baadaye, vitabu vyetu viliiita Spika. Alivyofundishwa Ayeyo, mwezi mpevu ukipita kaskazini mwake, mvua za gu, yaani masika, zimekaribia; ukipita kusini, zitachelewa. Kwa ujeuri wa darasani nikamuuliza nyota inaletaje mvua. Akacheka.

"Nyota hailete mfua. Mfua ni ya Allah. Nyota ni kama wewe, inaandika tu."

Jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Mwanawe, aliyemtumia maziwa yale kwa gari, alikuwa kule Balambala na mbuzi wao wote, wakinywa maji ya mto Tana ambako majani yalikuwa yamekwisha. Akisikia kaskazini, angewahamishia malisho ya mbali, kwenye silanga, mabwawa yanayojazwa na mvua peke yake.

Jioni ya mwezi mpevu vumbi lilifunga mashariki yote. Sikuona kitu. Kesho yake, Ayeyo alipokuja, niliona aibu kwamba mtu wa serikali ameukosa mwezi mzima. Nilikuwa nimefungua jedwali la ofisini la mwezi na nyota, nikasoma mstari wa nyota niliyodhani ndiyo. Nikamwambia: kaskazini. Alinishukuru kwa dua ndefu, nami nikaipokea. Baadaye niligundua kwamba mstari ule ulikuwa wa nyota nyingine kabisa.

Gu ilichelewa majuma mengi. Jioni moja Ayeyo akapita bila kidumu cha maziwa, nikajua mbuzi wamekufa kwenye silanga kavu. Nikamfuata njiani, nikamweleza yote.

"Kwa nini hukusema fumbi?" aliniuliza.

"Niliona aibu, Ayeyo."

"Ungesema fumbi, ningengoja. Mbuzi ingekonda, lakini ingekuwa hai."

Nililia pale barabarani kama mtoto, naye akanisubiri nimalize.

Mwezi mpevu uliofuata, Ayeyo alikuja baada ya magharibi, bila kuitwa. Akanishika kifundo cha mkono, akauinua, akausogeza polepole, hadi kidole changu kikaelekea mashariki, juu kidogo ya paa la stoo.

"Hapo iko nini?"

"Nyota, Ayeyo. Nyeupe."

"Ndio hiyo. Basi usisahau."

Nilihamishiwa Wajir, kisha Mandera. Niliwakuta wasimamizi wakali walionung'unika kwamba daftari zangu zina nafasi tupu nyingi kuliko za wenzangu. Niliziacha hivyo hivyo mpaka nikastaafu. Siwezi kuwaambia ninyi vijana kama nyota husema kitu. Vitabu vinasema ni moto wa mbali usiotujua, na navisadiki. Lakini siku hizi nikiwaza anga, namwaza mtu anayengoja nimwambie nilichoona.

Sasa nimerudi Garissa, na mtoto wa jicho amenijia mimi. Mwisho wa jilaal mwezi ukijaa, baada ya magharibi, hukaa uani na kuinua mkono. Mkono husimama palepale alipousimamisha Ayeyo. Mbele ya kidole nakuta ukungu mtupu, nami humjibu, ingawa amelala kaburini miaka mingi.

"Ayeyo, sijaona."