Bandeji Niliyomfunga Selina

Siku yangu ya kwanza kambini, Kocha Mkuu alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema, "Hapa hatuna wagonjwa, Daktari. Tuna wanaokimbia na wanaorudi kwao." Sikuwa daktari. Nilikuwa muuguzi, mzaliwa wa Myanga, niliyefanya kazi Bungoma kisha Kitale. Katikati ya miaka ya themanini niliazimwa timu ya taifa ya mbio za nyika kwa sababu nilijua kukanda misuli.

Asubuhi nilikanda mapaja, jioni nikakagua viatu vya njumu, vile vyenye misumari chini. Matope yakiwa mazito unafunga misumari mirefu, uwanja ukikauka unafunga mifupi. Nilitumikia makocha watatu. Wanariadha niliwajua kwa miguu kabla ya majina.

Selina alitoka Kachibora. Siku mbili kabla ya mashindano ya dunia, huko ng'ambo kwenye baridi, nilibonyeza ugoko wake kwa kidole gumba, akapiga kelele. Msuli ukiumia, maumivu husambaa. Mfupa ukianza kupasuka, huuma mahali pamoja, padogo kama kifungo cha shati. Nikamwambia aruke kwa mguu huo. Hakuweza.

Nilikwenda kwa Meneja wa Timu.

"Mfupa una ufa, mkubwa. Akikimbia utavunjika."

"Ati ufa? Umeuona kwa eksirei gani?"

"Nimeusikia kwa vidole."

"Wanakimbia sita, wanahesabiwa wanne wa kwanza kufika. Wa akiba hatuna." Kweli hatukuwa naye, kiti chake cha ndege alikikalia shemeji ya Meneja. "Kazi yako ni kukanda. Mfunge, unyamaze."

Nikamrudia Selina. "Kataa. Mimi nitasimama na wewe."

"Baba, nikikataa sitaitwa tena. Nifunge tu."

Nikamfunga.

Mguu ulivunjika hatua chache kabla ya utepe. Alivuka akitambaa, wa nne kwa upande wetu, na kikombe kikawa chetu. Tuliporudi, wakubwa walipokea timu uwanja wa ndege kwa nyimbo na maua. Selina alipitishwa mlango wa mizigo kwenye kiti cha magurudumu, asiharibu picha. Aliyesukuma kiti hicho ni mimi.

Wiki iliyofuata Meneja aliniita ofisini. Ripoti ilikuwa imeshaandikwa: mwanariadha alificha jeraha, mhudumu wa timu, yaani mimi, hakuambiwa.

"Weka sahihi hapo, ama urudi wodini kuosha vidonda."

Niliweka. Kwa karatasi hiyo wakubwa wakakataa kulipia matibabu yake, na mfupa ukaunga vibaya. Mimi niliendelea kukanda mpaka nikastaafu.

Mwaka jana nilikwenda Kachibora. Nilimkuta akipalilia mahindi, akiburuta mguu. Nilimweleza yote, naye akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo karatasi nilionyeshwa zamani," alisema. "Si jina lako liko pale chini? Nilikuwa nangoja tu uje mwenyewe." Akainama, akaendelea na jembe lake. Hakunikaribisha nyumbani.

Vijana mnaoingia kazi hii huniuliza mafuta gani yanafaa kukandia. Yoyote, hata ya kupikia. Ulizeni mengine. Nilimtaka msichana wa miaka ishirini aseme hapana, na mimi, mtu mzima mwenye mshahara, zamu yangu ilipofika, niliomba kalamu.